Kamba ya Tyubu

Jumamosi, mwezi wa nane. Mawingu tangu asubuhi, na Mlima haujaonekana siku ya nne sasa. Baridi inashuka mpaka huku chini kwenye miwa. Nimechoka kuliko jana.

Leo sikumaliza mistari yangu ya miwa. Naandika hapa ili nisijidanganye.

Unyayo wa kulia unawaka kama nimekanyaga makaa, halafu vidole havina habari. Nikivifinya kwa kucha ni kama nafinya vidole vya mtu mwingine. Ilianza msimu ulipoanza. Nikawa nasema ni uchovu.

Sisi wakata miwa hufunga kifundo cha mguu kwa kamba ya tyubu ya baiskeli, juu ya buti la mpira, ili majivu ya miwa iliyochomwa na siafu wasiingie. Mimi hufunga kwa nguvu kuliko wote. Maumivu yalipozidi nikaongeza mzunguko wa pili, maana kwetu Kasulu kinachouma hufungwa. Nikamfundisha na Bazili, Mnyaturu ninayekaa naye chumba kimoja.

Ulikuwa ujinga.

Leo mchana nikaacha kazi nikaenda zahanati. Mganga hakuushughulikia unyayo hata kidogo. Alinigonga kwa kidole nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo, na umeme ukanipiga mpaka kidole gumba. Nikaruka. Akasema mshipa wa fahamu unapita hapo kwenye njia nyembamba. Kamba inaubana kwa nje, na uvimbe unaubana kwa ndani. Ndiyo maana panapouma sipo penye ugonjwa.

Kamba nisiiguse tena. Buti niache, nivae makubadhi ya tairi yenye nafasi, niweke kitambaa laini chini ya upinde wa unyayo. Nikilala niinue mguu. Na wiki sita nisikate miwa. Nikiendelea, ganzi inaweza kubaki hivyo hivyo.

Wiki sita! Mke wangu ameandika kwamba wamehamishiwa kijiji kipya, wanalala kwenye kibanda cha nyasi, wananingoja nikajenge kabla ya mvua. Mkataba ukikatwa nitarudi mikono mitupu. Nikirudi na mguu uliokufa, nani atapanda juu ya paa?

Jioni nikaenda kwa nyapara wetu, Mzee Kimaro, mtu wa Kibosho. Nilikaribia kurudi mara mbili njiani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Muha, leo umeacha miwa imesimama."

Nikavua buti nikamwonyesha alama ya kamba, nyekundu, imezunguka kifundo chote.

"Mguu ni wako, miwa ni ya shamba," akasema. "Jumatatu nenda mferejini."

Hakuukata mkataba. Lakini mfereji ni kazi ya wazee, kufungua na kufunga maji. Misimu mitatu mimi ndiye nimekuwa mbele ya mstari.

Bazili aliposikia alicheka mpaka akakaa kitandani. "Mlinzi wa vyura! Watakupigia saluti kila jioni, kaka!"

Nilicheka naye. Moyoni palichoma.

Halafu nikamwambia lililokuwa gumu kuliko kwenda kwa nyapara: kwamba nilimfundisha vibaya, afungue kamba yake. Nilingoja anicheke tena. Akavua buti taratibu.

"Mimi kidole kidogo hakisikii tangu juzi," akasema. "Niliona aibu. Wewe ulikuwa hulalamiki."

Nimezikata kamba zote mbili kwa kisu, vipande vidogo, asije mtu akaviokota.

Kabla ya kuandika nimeutia mguu kwenye ndoo ya maji ya mfereji. Ni maji ya kutoka Mlimani, Bazili alipotia mkono alipiga kelele. Kisigino changu kimeisikia baridi. Vidole bado.

Kesho baada ya kanisa nitautia tena.