Kitambaa cha Elia Kwenye Kiota cha Fundichuma

Jumamosi, 8 Februari
Nimemwogesha mjukuu wangu Elia, nimemfunga mgongoni, tumeshuka bondeni. Daktari anataka nitembee, presha imepanda. Mama Shabani, jirani yangu mwenye duka, kaniandikisha bila kuniuliza kwenye matembezi ya kutazama ndege, eti ya wanaoanza. Ndege! Toka utoto nawafukuza kwenye ulezi, leo nikawaamkie.

Kiongozi ni Mwalimu Dismas wa sekondari. Darubini moja, tunapokezana kando ya mafunjo. Masharti yake: usinyooshe kidole, simama, sikiliza kwanza. Tuliona misambi wawili, wale korongo wenye taji. Wazuri, sikatai. Nikaanza kufurahi.

Kisha akatuonyesha kiota cha fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo. Kikubwa kama tenga la kuku, kwenye panda ya mti. Huyu anajengea chochote, akasema mwalimu, hata matambara. Zamu yangu ikafika. Nikaona kitambaa cha njano chenye picha za bata. Nilikishona mwenyewe kwenye cherehani yangu. Kilipotea kwenye kamba ya nguo wiki jana. Cha Elia.

Kwetu tumelelewa tukijua: fundichuma akijengea nguo ya mtu, mwenye nguo hana maisha. Na kiota hakiguswi. Anayekibomoa anajiletea msiba nyumbani kwake. Nimeondoka bila kuaga.

Jumapili, 9 Februari
Misa sikuisikia. Elia anacheza, namtazama tu. Nimempigia mama yake, binti yangu Skolastika, anayefanya kazi kambi ya wakimbizi ya Nduta, kule Kibondo. Nikamweleza. Akacheka.

"Ndege ni ndege tu, mama."

Msomi huyo. Nimekata simu.

Jumanne, 11 Februari
Elia ana joto. Hataki kula. Naogopa.

Jumatano, 12 Februari
Hospitali tangu asubuhi. Malaria, na damu imepungua. Wamemtundikia dripu. Nesi ananiuliza amekula nini, mimi nawaza kile kiota.

Mama Shabani kaleta chai na maandazi. Nikamsimulia yote. Akaniombea dua, kisha akasema kitambaa kikatolewe haraka. Watu wake ni wa pwani, hajui mambo ya huku. Akaenda kumwambia mwalimu. Saa hiyo hiyo Dismas kaja mbio, eti yuko tayari kupanda akitoe, mimi nipumzike moyo. Nimemfokea mbele ya wagonjwa. Akikigusa na mtoto akafa, nitamlilia nani?

Kikibaki, naogopa. Kikitolewa, naogopa. Hakuna pa kushika.

Alhamisi, 13 Februari
Degedege. Macho yaligeuka yakawa meupe. Nilipiga kelele mpaka wakanitoa nje. Nimempigia Skolastika, nikasema njoo. Leo hakucheka.

Mungu, nichukue mimi. Nimeshakula chumvi ya kutosha.

Ijumaa, 14 Februari
Amefumbua macho. Kadai maji, kayatapika, kadai tena. Daktari anasema ameshavuka. Sijamwamini bado.

Skolastika kafika na basi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kamshika mwanawe, hakunisalimia mpaka baadaye sana. Nimelia mbele za watu kama mtoto. Sijali.

Jumapili, 16 Februari
Tumeruhusiwa. Elia mwepesi mno, shingo nyembamba, lakini anacheka. Nilimwambia Skolastika tukamwombe radhi mwalimu, nilimkosea adabu. Alikuwa anakunja nguo za mtoto, zote, anaziweka kwenye begi lake.

"Naondoka naye, mama."

Nikamuuliza, si ulisema ndege ni ndege tu?

Akafunga zipu ya begi. "Nilisema. Lakini mwanangu halali tena karibu na lile bonde."

Ningebishana na nini? Hofu hiyo aliinyonya kwangu.

Jumatatu, 17 Februari
Wameondoka na basi la asubuhi. Elia alinipungia mkono, kisha akasahau, akageukia wale waliokuwa wakiuza karanga dirishani.

Mama Shabani alipita, akakaa nami. Nashukuru.

Skolastika kapiga simu jioni. Wamefika Kibondo salama. Mtoto kala, kalala, hana joto. Nimesema asante Mungu, na nimeisema kwa moyo wote.

Nimeshona gauni la mteja mpaka mkono ukachoka. Mara mbili nimeinuka kwenda chumbani kumgusa Elia paji la uso.