Chai ya Matanga ya Wambui

Wambui mwenzangu,

Tangu Korona ikuchukue sijakaa sawa. Hatukuruhusiwa kukusanyika, kwa hiyo matanga yako tuliyafanyia kwenye simu, kila mtu kwake hapa ughaibuni Alief. Nyimbo zinapishana, pasta anakatikakatika, na mimi Mwislamu wa Tanga natoa macho tu. Mama yako alikuwa analia kule Nyeri, na sikuweza hata kumshika mkono. Iliniuma, na bado inaniuma.

Unakumbuka ulivyoanza safari zako za kituo cha mbwa waliotelekezwa? Unatoka zamu hospitalini, alama za barakoa zimekuchora uso, badala ya kulala unanigongea mlango: "Zainabu, hebu pika mandazi, mimi nita-drive." Nikakuuliza, Wazungu wana njaa gani? Ukasema watu wanaugua, wanahama, wanaacha mbwa langoni kila asubuhi. Wafanyakazi wengi wako karantini, na wanaojitolea wanajifungia kwenye magari yao kulia. "Hao wako kwa matanga kila siku, na hakuna mtu anawapelekea hata chai."

Nikakanda unga. Lakini tulipatana: mimi ni wa jikoni, mbwa simgusi.

Sasa umeondoka ukaniachia Tommy, yule mbwa mzee wa sikio moja uliyesema unamhifadhi siku chache tu, akahamia moja kwa moja. Jumamosi nilipika kama kawaida, mikono ilishazoea, ndipo nikakumbuka hakuna wa kupeleka. Nikamvuta Tommy kwa kamba hadi kwenye gari, tunaogopana. Nia yangu ilikuwa kumrudisha.

Nilipofika kituoni alitoka Maria, yule msimamizi uliyekuwa ukinisimulia. Aliiona chupa yako ya chai kabla hajaniona mimi, akaanza kulia. Wenzake wakatoka, wakasimama mbali mbali pale kwenye maegesho, kila mmoja na kikombe chake, wakawa wanakutaja. Wambui, hayo ndiyo yalikuwa matanga yako. Nililia nao mpaka barakoa ikalowa.

Nikasema nimemleta Tommy. Maria akanijibu kwamba wamejaa hadi ofisini, lakini kwa ajili yako watamtafutia mahali. Nikamtazama usoni, amechoka kama wewe ukitoka zamu. Mfiwa humpelekei chai kisha ukamwachia mzigo. Nikamrudisha Tommy kwenye gari.

Sasa analala kibarazani. Nguo zangu za swala nimezitenga, na mume wangu ananicheka mpaka anapaliwa. Chai ya Jumamosi nitaipeleka mwenyewe, nakuahidi, maadamu mikono inakanda. Na Tommy harudi kule.

Vitu vyako viko kwangu. Vile viatu vyeupe vya kazini nilitaka kuvitoa sadaka. Leo nimemkuta Tommy amevilalia, pua imezama ndani ya kimoja.

Nimemwachia. Pumzika, Wambui. Zamu yako nimeipokea.

Zainabu