Mama, Weusi Ule Si wa Sombe

Mama yangu mpenzi,

Huko Kindu mmeamkaje? Magoti yako yanasemaje? Mimi hapa Butembo naendelea vizuri sasa, ila baridi ya milima hii haijanizoea, nafundisha hesabu nikiwa na sweta mbili. Barua hii anakuletea mwalimu mwenzangu anayekuja likizo kwao. Ningepiga simu, lakini wewe ukipokea unaweka sauti kubwa na majirani wote wanasikia, na habari yenyewe ni ya tumbo na choo.

Mdogo wangu Zawadi ameniambia kwamba bado unameza vile vidonge vya magoti, kwamba kizunguzungu kinakushika ukiinuka kanisani, na kwamba choo chako kimekuwa cheusi. Eti wewe unasema ni sombe, yale majani ya muhogo unayokula. Mama, niliposikia hivyo niliogopa sana. Ngoja nikueleze yaliyonipata Kwaresima iliyopita, maana niliwaambia tu kwamba nilikuwa na malaria ili msihangaike.

Jino lilikuwa linanisumbua. Nikanunua vidonge vya maumivu sokoni, aina ileile ya vyako. Nilikuwa nafunga, kwa hiyo nilimeza asubuhi na maji matupu na kwenda darasani. Tumbo likaanza kuwaka hapa chini ya kifua. Mama Kavira, mwenye nyumba ninayopanga, ni mtu wa Lubero, na kwao maziwa ni dawa ya kila kitu. Akaniletea kikombe kimejaa.

“Mwalimu, kunywa maziba, itapoza.”

Kweli ilipoza, halafu moto ukarudi mkali zaidi. Baadaye choo kikawa cheusi kama lami, na mimi nikasema kama wewe: Kwaresima hatugusi nyama, jioni ni sombe na bugali, kingekuwaje cheupe? Nikaendelea kufunga, nikaendelea na vidonge, na nikajiona Mkristo hodari.

Siku moja nikaanguka mbele ya ubao. Watoto walidhani nimechoka na njaa. Mama Kavira alipofika aliangalia viganja vyangu, vilikuwa vyeupe kama karatasi, akatafuta gari la kwenda Beni, ambako kuna mashine ya kuangalia ndani ya tumbo. Unajua barabara ile ya waasi siku hizi, Mama. Tulisali rozari njia nzima. Kule waliniingiza mpira wenye kamera kwa mdomo, kitu kibaya sana, nililia. Daktari akanionyesha kidonda chenyewe kwenye kioo cha mashine, na damu ikichuruzika.

“Hii hapana sombe,” akasema. “Ni damu. Ikipita mu tumbo inakuwa nyeusi. Unaona, mutu iko na asidi mu tumbo, kali, inaweza kuyeyusha nyama. Lakini tumbo inajifunika na ute, donc asidi haifiki. Ile dawa ya jino njo inapunguza ute.”

“Na kama ningekula kwanza?” nikamuuliza.

“Hata ukikula. Dawa inaingia mu damu, inafanya ile kazi tu.”

Ute huo, Mama, unateleza kama wa dongodongo, ile bamia. Ukipungua, asidi inaanza kulila tumbo lenyewe. Walikuta pia kijidudu ambacho kinaishi mle na kuharibu ute uleule. Nikapewa dawa za kukiua na nyingine za kupunguza asidi, na damu pia, aliyoitoa Mama Kavira mwenyewe. Leo nakula bila maumivu. Jino nililing'oa, basi.

Sasa sikiliza. Vidonge vya magoti acha kabisa, hata kimoja baada ya chakula usimeze. Usiniambie umepunguza, nakujua. Mambo ya maziwa na chokaa ya kulamba ili kupoza tumbo achana nayo. Padri akikuona unakula Ijumaa ya kufunga, hilo siyo neno, Mungu hana haja na tumbo lililotoboka. Nenda hospitali, na usione haya kumtajia daktari rangi ya choo. Hilo ndilo neno la kwanza la kumwambia.

Salamu kwa mjomba Asumani, ndugu yako mwenye pikipiki: ndiye atakayekupeleka, aendeshe polepole. Salamu kwa shangazi Feza, anayejua kupika uji laini, akusindikize na abaki nawe. Salamu nyingi kwa Zawadi, aliyefanya vizuri kuniambia. Na kaka Dieudonné, kifungua mimba wako, mwambie ale vizuri na ajiandae kutoa damu, hata kama anaogopa sindano.

Usipoteze muda kunijibu. Ukimaliza kusoma, inuka polepole, ita mjomba, mwende. Nimeomba likizo ya Juni nije kukuona, Mama. Sitaki kuja matanga.

Binti yako anayekupenda,
Espérance