Meli Iliyobadilishwa Jina, na Mimi

Jumamosi, Cheektowaga. Theluji inaanguka tangu asubuhi, lakini leo sina zamu ghalani, basi ianguke itakavyo. Nimetulia kiasi.

Niko mezani na binti yangu Neema. Yeye anaandika kazi ya shule kuhusu meli moja ya kivita ya karne ya kumi na nane. Mimi ninajaza fomu ya kuomba uraia wa nchi hii, na nimekwama kwenye swali moja: je, unataka kubadili jina?

Nakiri, nilikuwa nimeshaamua. Kazini wananiita Mike, maana jina langu, Bukuru, kila mtu analitamka kivyake, nami nimechoka kurudia. Mdogo wangu wa Columbus alibadili jina lake, anasema maisha yamekuwa mepesi.

Nikachungulia kazi ya Neema: kumbe meli nayo ina maisha yake. Hii waliiunda Wafaransa, wakaipa mizinga sabini na minne na jina la mtakatifu. Waingereza wakaiteka vitani, wakaipa jina jingine, wakaitumia kuwapiga walewale walioiunda. Hapo nilicheka peke yangu. Ilipozeeka wakaikata milingoti, wakaifunga bandarini ikawa gereza. Mwishowe ikavunjwa, mbao zikauzwa.

Nikamuuliza Neema kama wale wafungwa walijua mwanzoni ilikuwa ikiitwaje.

"Hakuna aliyewaambia, Dad," akajibu bila kuinua macho.

Jibu hilo limenikaa moyoni.

Kwetu Burundi, pacha wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi. Butoyi wangu alifariki tukiwa na miaka minne, akazikwa katika kambi ya wakimbizi, Kigoma. Hata picha yake hatuna. Neema sijawahi kumweleza. Kila mwaka najiambia bado ni mdogo, na sasa ananipita kwa urefu.

Mchana nikampigia baba, anaishi Louisville, kule South End. Nilitaka baraka zake tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakukasirika.

"Sawa, mwanangu, wewe ni mtu mzima. Ila Butoyi atakuwa pacha wa nani?"

Nikamuaga. Nililia kidogo, halafu nikanawa uso.

Kwenye fomu nimeweka alama kwenye Hapana. Kisha nimemwambia Neema aweke kalamu chini, kuna mtu nataka amjue.

Baba yake mdogo.