Nimemwita binti yangu mbuzi

Hani abaayo, dada yangu, uko wapi? Wallahi leo nimeaibika, na sijali.

Unajua nimeanza lile darasa la lugha ya ishara hapa mjini kwa sababu ya Shukri wangu asiyesikia. Shuleni wanamfunza vizuri, akirudi nyumbani hana wa kuongea naye. Mimi mamake namvuta tu mkono kama ndama.

Sasa leo mama mkwe ana wageni, sebule imejaa. Chakula kiko tayari. Nikasema ngoja nimwite Shukri kwa ishara mbele yao wote.

Nilitaka kusema, "Mwanangu, njoo ule."

Nimesema, "Mbuzi, njoo ule." MBUZI, Hani!! 😭

Shukri akaangua kicheko. Akanijibu kwa mikono, polepole ili nielewe: "Mama, mimi si mbuzi."

Nimeelewa sentensi nzima. Nzima! Ya kwanza tangu nimzae.

Mama mkwe akaniambia, "Wacha kurusha mikono, wageni watadhani una jini. Unatuaibisha."

Nikamjibu, "Hooyo, mama yangu, wacha wadhani."

Wageni wanaangalia sahani. Mimi sikuketi.

Halafu mama mkwe akamtazama mtoto, ambaye bado anacheka. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani amesema nini?"

Hajawahi kuuliza hivyo hata siku moja!

Nikamwambia, "Jumamosi naenda tena darasani. Twende wote, ujifunze umuulize mwenyewe."

Hajakubali, hajakataa. Mimi naenda, hata wanifungie mlango.