Baiskeli Inayokunjika

Jumatatu, 18 Julai 1994

Nimepiga pasi mashati yake yote manne, pamoja na lile ambalo halikuwa na kunjo hata moja. Wiki ya tatu ya ndoa. Bado napenda kulisema peke yangu jikoni: mume wangu. Mume wangu anafundisha darasa la tano. Mume wangu hapendi tangawizi kwenye chai. Deusi wangu.

Chuo cha uhazili kinafunguliwa tarehe moja Agosti. Kutoka hapa kijijini hadi Sumbawanga mjini ni kilomita kumi na moja. Ama nilale bweni, ama niende na kurudi kila siku. Bweni sitaki. Sikuolewa ili nilale na wasichana wanane chumba kimoja.

Basi la asubuhi kutoka Namanyere hupita hapa limejaa, halisimami. La jioni lina nafasi. Kwa hiyo asubuhi niende kwa baiskeli, jioni nirudi kwa basi. Lakini hiyo baiskeli itarudije?

Jumatano, 20 Julai

Mjini na Deusi, kuchagua. Nilipokuwa shule ya msingi, baiskeli ilitaka kibali na kujuana na mtu wa duka la ushirika. Leo zimepangwa kando ya barabara kama viazi.

Ya kwanza: mpya, nyeusi, imara, ina bomba la juu. Bei yake ingemeza ada yangu ya muhula mzima. Na lile bomba nitalivukaje na sketi ya chuo? Ya pili: ya kike, kuukuu, breki hakuna. Rahisi mno. Deusi alizungusha gurudumu, likayumba kama mlevi. Ya tatu: mtumba kutoka Ulaya, rangi ya kijani, magurudumu madogo, fremu ya chini, katikati ina bawaba na komeo. Muuzaji akafungua komeo, akaikunja, akaisukumia chini ya kiti chake. Nikaipenda papo hapo.

Deusi hakuipenda. "Hii ya mtoto, Yasinta. Kitu cha kukunjika kitavunjika." Nikamwambia bei tunaiweza, sketi haisumbui, na itaingia ndani ya basi. Kisha akatoa bahasha ya zawadi za harusi.

Tulimuuliza kondakta wa basi la jioni. "Ikikunjika ni kikapu, dada, na kikapu hakilipi. Isipokunjika inapanda juu na inalipa nauli kama mtu mzima."

Hakuna mwanamke mwenye bahati kunishinda katika mkoa huu.

Jumapili, 24 Julai

Baada ya misa tumefanya mazoezi kwenye uwanja wa shule. Deusi ameshika tandiko, anakimbia nyuma yangu. Baiskeli naijua tangu utoto. Nilijifanya siijui ili asiniachie.

Mama mkwe alikuwa amesimama na majirani. "Mke anayekunja usafiri wake, huyo bado hajafika kwa mumewe." Wakacheka. Nami nikacheka. Deusi hakucheka.

Jumanne, 2 Agosti

Siku ya pili ya chuo. Asubuhi upepo unanisukuma mgongoni, nafika bila jasho. Jioni naikunja mlangoni mwa basi, naiweka miguuni. Kondakta ameipa jina: Kikapu. Nashuka, Deusi yuko barabarani ananingoja na kitabu chake cha maandalio ya masomo mkononi. Kila siku nitamwona hivi. Miaka miwili, kila siku.

Ijumaa, 5 Agosti

Deusi amerudi mapema kutoka kilabu cha pombe. Hakula. Aliniuliza kama bawaba inalia ninapopita kwenye mashimo. Nikasema inalia kidogo. Akasema kesho ataipeleka mjini itiwe keria ya nyuma. Mume anayewaza keria ya mkewe!

Jumamosi, 6 Agosti

Amerudi nayo. Keria ipo, nzuri, ya nondo. Bawaba haipo. Imechomelewa pande zote, chuma juu ya chuma. Akasema aliota naanguka na baiskeli imekatika vipande viwili. Macho yake hayakunitazama.

Nimemshukuru. Nilitaka kulia, nikamshukuru.

Jumatatu, 8 Agosti

Kondakta: "Kikapu kimekufa, dada. Sasa inapanda juu, na inalipa." Leo nimelipa, pesa ya chakula cha mchana cha wiki nzima. Kesho sina.

Jumatano, 10 Agosti

Jana na leo nimerudi kwa pedali. Jioni upepo ni wa uso. Hapa Ufipa hakuna mti wa kuuzuia, unatoka upeo wa macho unakuja kifuani. Magurudumu madogo yanazama kwenye vumbi. Mwendo wa saa mbili na nusu, nusu yake nasukuma. Wasukuma waliokuwa wanaswaga ng'ombe walinipita. Ng'ombe pia walinipita.

Leo nimesinzia kwenye mashine ya kuchapa. Mkuu wa chuo, sista, aliweka mkono begani kwangu. Akasema kwa upole kwamba kitanda kipo bweni, na kwamba mtihani wa kasi ya kuchapa hausubiri mtu.

Ijumaa, 12 Agosti

Nimepita kwa fundi wa kuchomelea, kuuliza kama inawezekana kukata. Akagonga bomba kwa nyundo. Alisema bawaba iliyeyuka, akikata atanipa nusu mbili za baiskeli.

Kisha akacheka, kwa wema tu. "Mumeo alinisimamia mwenyewe. Aliniambia, fundi, choma mpaka wasahau kama ilikuwa inakunjika."

Nikauliza wasahau akina nani.

"Si hao wenzake wanne wa kilabuni! Kumbe hukuambiwa? Walikuwa wanamuuliza, mwalimu, mkeo ameshakunja baiskeli, wewe atakukunja lini?"

Sikuambiwa. Niliambiwa ndoto.

Nimesukuma njia nzima. Sikupanda hata kwenye mteremko.

Jumamosi, 13 Agosti

Nilingoja anywe chai kwanza. Nikamuuliza aliota nini hasa. Akaanza kuieleza ile ndoto upya, safari hii na damu. Nikamwacha aimalize. Kisha nikamwambia nimezungumza na fundi.

Alisogeza kikombe kitupu kando. Akasema, "Wewe huwezi kujua mwanamume anavyochekwa."

Nikamwambia alijua neno la kondakta. Alikuwepo. Alijua baiskeli isipokunjika sitaweza kurudi nyumbani kila siku. Akasema alidhani nitaizoea njia. Akasema wake wengine wanatembea mbali zaidi na kuni kichwani.

Basi nimejua. Aliwekwa kati ya kicheko cha walevi wanne na mimi, akachagua. Siyo baiskeli inayoniuma. Alichagua, kisha akaja kuniambia ni kwa kunipenda. Na mimi nikasema asante.

Bado nampenda. Hilo ndilo baya lake.

Jumapili, 14 Agosti

Nimehamia bweni. Deusi alifunga sanduku langu kwenye keria na kuisukuma baiskeli njia yote. Langoni alitaka nibaki nayo. Nikasema arudi nayo, hapa haina kazi. Akaipanda, akaondoka. Tandiko liko chini mno kwake, magoti yalikuwa yanapanda hadi kifuani. Wasichana langoni walicheka. Sikucheka, wala sikuwakataza.

Jumapili, 21 Agosti

Deusi amekuja baada ya misa. Kwa miguu. Ameleta unga wa ulezi na sabuni. Tulikaa kwenye benchi la wageni. Alisema, "Niliona aibu, mke wangu." Nikasema, ungeniambia, tungeona aibu wawili. Akaitikia kwa kichwa. Akasema ameacha kwenda kilabuni. Nilisema sawa. Huenda ni kweli.

Akauliza kama Jumamosi nitakwenda nyumbani. Nikamwambia sijui. Nilimsindikiza hadi barabara ya Namanyere. Sikungoja basi lije.

Kitanda cha hapa ni cha mtu mmoja. Wiki nzima nimekuwa nikilala ukingoni, upande wa ukutani, kama kuna mtu wa kumwachia nafasi. Leo mchana nimejilaza katikati. Panatosha.