Mwambie Kilelo Asije

Marungu
Jumatano

Dada Wakesho,

Mutiso amekufa. Ndovu alimuua Jumapili asubuhi ndani ya nyumba yetu, juu ya gunia la mahindi. Sitakwambia eti aliumia akapelekwa hospitali. Alikufa hapo hapo.

Hujambo wewe? Kifua cha mama kimepona, ama hiyo baridi ya Werugha bado inamkohoza? Mimi ni mzima. Mkono wa kushoto umefura lakini vidole vyote vinakunja. Simu yangu ilikanyagwa ikavunjika, ndio maana naandika. Barua naituma na yule dereva wa lori la mboga. Yeye ndiye aliniletea maneno yako, basi na jibu atalileta yeye. Msomee mama, lakini pale pa Mutiso uruke.

Ulisema Kilelo anakula kama watu wawili. Ulisema unga haumalizi wiki, na kijana wa fom tatu mwenye kuinama akipita mlangoni anaweza kushuka afanye kazi na babake, mdomo mmoja upungue hapo na mkono mmoja uongezeke huku. Sijakasirika. Mtoto ni wangu lakini sufuria ni yako, wewe ndiye unaona chini yake. Tangu mama yao afe umewalisha wote wawili, yeye na Mghoi, na hujawahi kunitukana. Lakini kwanza nikwambie mahali unataka aje kulala.

Mutiso ndiye nilikuwa napiga naye mawe. Mkamba wa Kibwezi, mfupi, shingo nene. Kazi ya mawe hapa machimboni ni ya watu wawili. Mmoja anashika mtalimbo, mwingine anapiga kichwa chake na nyundo kubwa. Anayeshika anauzungusha kidogo, anapigiwa tena, mpaka jiwe linapasuka. Ukikosea unavunja mkono wa mwenzako. Kwa hivyo hushikiwi na mtu yeyote tu. Mutiso hajawahi kunigonga, wala mimi sijamgonga.

Tulikuwa tunalala watatu chumba kimoja, mimi, Mutiso na Jumaa. Jumaa ni wa Voi mjini, mtu wa msikiti, anachonga mawe. Sufuria ni moja. Sukari tuliacha kitambo, tunakunywa strungi, chai ya rangi, hivyo hivyo. Nyama hatununui. Omena, hivyo visamaki, tunanunua kwa kubana, mtu anahesabiwa zake kwa sahani, na ukichukua ya mwenzako mnakunjana mashati. Asubuhi hatuli. Mchana tunapasha sima ya jana kwa moto wa vijiti.

Unga wa paketi ulikuwa unatumaliza. Mutiso akasema tununue gunia la mahindi shambani watu wakivuna, tuwe tunasaga kidogo kidogo. Ni akili nzuri. Mama mwenye nyumba alipoona gunia linashuka akatuambia jambo moja, hapa mahindi hayalali na watu. Kila boma lina kijumba chake cha mahindi, mbali na nyumba, hata mtu awe maskini vipi. Ndovu akija anabomoa kijumba, anashiba, anaenda zake. Akatupa kijumba chake cha mabati tuweke humo, tukaweka, tukafunga kufuli.

Halafu mahindi yakaanza kupungua. Mtu alikuwa amekata bati kwa nyuma, anatia mkono. Tukavizia, tukampata. Kijana wa kupakia mawe kwa lori, wa Mahoo huko Taveta. Alikuwa anachemsha mahindi yetu kwa mkebe, hayajaiva hata. Akasema, "Jamani nina njaa." Mutiso alimpiga na mshipi upande wa chuma. Mimi nilimkanyaga mkono na buti la kazi. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Jumaa alitushika, akatuambia tutaua mtu kwa sababu ya mkebe wa mahindi, tukamsukuma na yeye. Yule kijana aliondoka amebeba mkono wake kama mtoto na hajarudi.

Nakwambia ujue. Huku anayepiga si mtu mbaya kutoka mahali pengine. Ni mimi, unanijua, nilikuwa naimba bezi kanisani hapo Werugha.

Baada ya hapo Mutiso alibeba gunia akaliweka chini ya kitanda chake. Jumaa akamwambia ndovu ananusa kuliko mbwa. Mutiso akamjibu akija tutamkaribisha, bora aje na mboga. Tukacheka. Mimi pia sikukataa. Mwizi tulikuwa tumemwona na macho, ndovu hatukuwa tumemwona mwaka huo.

Jumapili kulipoanza kupambazuka mimi na Jumaa tulienda na mitungi kwenye tangi la maji. Mutiso alibaki amelala, Jumapili ni siku yake ya kulala. Tukiwa kwa foleni tukasikia bati likiraruka. Tukaacha mitungi tukakimbia. Ukuta wa upande wa kitanda haukuwepo. Lilikuwa dume moja la ndovu, pembe moja imevunjika, kichwa ndani ya chumba, matako nje. Mkonga ulikuwa umeshika gunia. Na upande ule mwingine Mutiso alikuwa ameshika gunia.

Dada, alikuwa anavutana na ndovu. Akiwa na chupi tu.

Nilimwambia aachilie. Nilipiga kelele mpaka koo likachubuka. Ndovu alikuwa hajakasirika bado, alikuwa anavuta tu, kama ng'ombe akivuta nyasi. Mutiso hata hakuniangalia. Akasema, "Siachi. Tutakula nini?" Halafu gunia likapasuka, mahindi yakamwagika, na yeye akaanguka mbele pale miguuni. Ndovu akashtuka. Akambana na paji la uso kwenye ukuta uliobaki, ukuta ukaenda, kisha akamkandamiza kwa magoti. Kifua kilibonyea kama debe. Hakulia. Damu ilitoka mdomoni na masikioni na miguu ikapigapiga kidogo, basi.

Hakukimbia yule mnyama. Alikula. Alisimama hapo na magoti mekundu anakusanya mahindi na mkonga, anapuliza vumbi, anatia mdomoni, na Mutiso yuko hapo chini. Watu walipiga mabati, mmoja akatupa kijinga cha moto, ndipo akageuka akaenda zake pole pole.

Sasa sikiliza hii, kwa sababu hii ndiyo inanifanya nisilale. Watu walikuja mbio. Nilidhani wanamjia Mutiso. Walikuwa na sufuria na mabeseni. Wakainama wakaanza kuzoa mahindi. Watu tunaofanya nao kazi, watu tunaosalimiana nao. Mwanamke mmoja alimsogeza Mutiso mkono ili azoe yaliyokuwa chini yake. Nikasema muacheni kwanza afunikwe. Mpiga baruti mmoja wa machimboni akaniambia, akiwa ameinama vile vile, "Kwani marehemu atakula? Wacha walio hai wachukue."

Nilichukua mpini wa nyundo. Yeye nilimpiga mdomoni, akatema meno. Nilipiga mgongo wa mtu, nikapiga beseni na mkono ulioshika beseni. Wakanigeukia. Nilipigwa mawe, nikapigwa ngumi nikiwa chini, simu ikakanyagwa, huu mkono ukakanyagwa. Jumaa alinitoa. Alisimama juu yangu na panga, wakarudi nyuma. Yeye ambaye hata kuku hachinji ovyo.

Tulimfunika na blanketi langu. Polisi wakaja, wakamchukua. Mkewe alifika Jumatatu na kaka yake kumpeleka nyumbani. Nauli tulikuwa nayo ya mtu mmoja, akaenda Jumaa kuzika, amerudi leo mchana. Yule mama hakulia mbele yetu. Aliuliza Mutiso alikuwa amevaa nini, nikamdanganya nikasema suruali. Halafu akauliza mahindi yaliyobaki yako wapi. Nikampimia fungu la Mutiso na kidogo juu yake. Alichukua. Ana watoto.

Mabaki yetu niliyaosha maji matatu nikaanika juu ya bati. Jumaa amesema hali chakula kilichoingia damu ya mtu, amepewa viazi na mama mwenye nyumba. Mimi nakula. Nimekula jana na nimekula leo. Hayana ladha nyingine. Kitu kingine sina.

Sasa ya Kilelo.

Jana mnyapara alikuja hapa. Alikaa kwa ndoo akasema pole. Ile pole ya haraka. Halafu akasema nafasi ya Mutiso iko wazi na lori hazingoji matanga. Mimi bila mtu wa kunishikia mtalimbo si mpiga mawe. Wenzangu wote wana wenzao, na baada ya ile vita hakuna atakayeweka mkono wake chini ya nyundo yangu. Akaniuliza, "Huna kijana nyumbani? Lete kijana wako. Damu moja haigongani."

Nilijua umeniambia jambo hilo hilo. Nilijua nikisema ndio, pesa ya watu wawili inaingia nyumba moja, na wewe unga wako unakaa. Nilifikiria. Sikatai, nilifikiria muda mrefu mpaka akaniuliza kama nimesikia. Nikamwambia, "Sina kijana. Nina wasichana watupu."

Akashangaa, umri huu wote. Wale waliokuwa mlangoni wakacheka. Mmoja akasema ndiyo sababu ninapigania maiti, sina wa kunizika. Niliwaacha wacheke, mkono mmoja haupigi watu.

Basi mnyapara akasema kama sina mtu nitaenda kwa kokoto. Kokoto ni ile kazi ya kukaa chini na nyundo ndogo kuvunja mawe yawe changarawe, wanafanya kina mama na wazee. Malipo ni kama nusu. Nikakubali. Jumaa amenicheka leo, ananiita shangazi, anasema huko nitafunzwa kusengenya na kufuma vikapu. Ni mara ya kwanza amecheka tangu Jumapili.

Kwa hivyo ninachotuma kitapungua, dada. Usikae ukingoja kama zamani. Punguza, lakini usipunguze mtu. Sukari toa kabisa. Mkate usiingie nyumba hiyo, choma viazi vitamu. Maziwa ya yule ng'ombe uza yote, bakiza kikombe cha mama. Mafuta ya kupikia pima na kijiko, si kumimina. Majani ya maharagwe na ya malenge usitupe, mama yao alikuwa anayapika na tulikuwa tunashiba. Sima ipikwe mara moja kwa siku, mchana wale pure, maharagwe yakiwa mengi kuliko mahindi hiyo inakaa tumboni. Bando za simu acha. Nguo ya kwaya mwambie mwalimu wa kwaya mwaka huu hununui, ukiona haya sema ni mimi nimekataza. Ile mbuzi usiuze bado. Ikifika pabaya uza mbuzi, halafu uza godoro langu, halafu kitanda.

Na Kilelo akila sana mwache ale. Akimaliza mpe jembe. Ngazi za shamba la juu zimebomoka tangu mvua, azijenge, atoke jasho hapo hapo ambapo kuna baridi na hakuna ndovu. Shule asiache.

Najua atakwambia yeye si mtoto, atakuja tu. Anafanana na mimi. Mwambie hivi kwa maneno yangu. Nikimwona Marungu nitamvunja mguu mwenyewe kabla hajatua begi. Mguu unapona, nimeona. Kile kifua cha Mutiso hakiponi. Mwambie sifanyi mzaha, na usimlainishie.

Na jambo jingine. Watu wa huku wanajua watu wa huko, dereva anaongea, wauza mboga wanaongea. Mtu yeyote akikuuliza, Kilelo ni mtoto wako. Umemzaa wewe. Mama naye mwambie aseme hivyo hivyo, na Mghoi afundishwe, asije akaropoka dukani. Kilelo mwenyewe ataona vibaya. Aone tu vibaya. Huku mimi sina kijana, na itakaa hivyo.

Nisalimie mama, mwambie avae ile sweta asiiwekee harusi. Msalimie shemeji, mume wako, najua anahesabu sahani lakini hajafunga mlango, namshukuru. Msalimie mjomba wa ng'ambo ya bonde, na mzee wa kanisa aliyemzika mke wangu, mwambie amtaje Mutiso Jumapili ijayo, Mkamba lakini Mkristo. Mghoi mpige busu. Kilelo usimpe salamu yangu, mpe hayo maneno.

Usinitumie chakula na dereva. Kile ungenitumia, wape wao.

Ni mimi ndugu yako wa kufuatana,

Mwadime

Kesho narudi kazini.